Namba za mgongo zisipokubaliana: kutafuta kosa kwenye kipimo cha pembe ya Cobb

Mama aliingia na bahasha mbili za kaki mkononi, binti yake wa miaka 13 nyuma yake akiwa bado na sare ya shule. Bahasha ya kwanza ilikuwa ya miezi sita nyuma: mgongo umepinda nyuzi 31. Ya pili ilikuwa ya wiki ile: nyuzi 38. Kwenye ripoti ya pili paliandikwa "mpindo umeongezeka", na mama alikuwa ameshaambiwa ajiandae, huenda mtoto akafanyiwa upasuaji. "Dokta, niambie ukweli tu," alisema, ingawa mimi si daktari, ni mpiga picha wa mionzi.

Nilifungua picha zote mbili kwenye skrini moja, ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa imepimwa kuanzia pingili ya tano ya kifua hadi ya kumi na moja. Ya pili ilianzia ya sita hadi ya kumi na mbili. Mgongo mmoja, vipande viwili tofauti. Nilipozipima zote kuanzia ya sita hadi ya kumi na mbili, ya zamani ilitoa 35 na mpya 38. Nyuzi tatu, si saba. Mtoto bado alihitaji kufuatiliwa kwa karibu, na daktari bingwa alimwanzishia bresi, kifaa cha kuvaa kinachoshikilia mgongo, lakini ule mrukio wa nyuzi saba uliomnyima mama usingizi haukuwapo kwenye mfupa.

Karibu kila namba ya ajabu niliyowahi kuletewa ilitokana na moja ya mambo matatu: mistari haikuchorwa mahali palepale, picha iliharibika njiani, au mtoto hakusimama vilevile. Mfupa wenyewe kubadilika ni sababu ya nne, na inathibitishwa baada ya hizo tatu kuondolewa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Nimeuandikia wenzangu wa vyumba vya eksirei, madaktari wa hospitali za wilaya wanaopima kwa kompyuta wenyewe, na wazazi wanaotaka kuelewa kilichoandikwa kwenye bahasha.

Kwanza, kinachopimwa ni nini

Kipimo kimebeba jina la John Robert Cobb, daktari wa mifupa wa New York aliyekieleza mwaka 1948. Unatafuta pingili ya juu iliyoinama kuliko zote kwenye mpindo, unachora mstari juu ya uso wake wa juu. Unatafuta pingili ya chini iliyoinama kuliko zote kwa upande wa pili, unachora mstari chini ya uso wake wa chini. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ndiyo pembe ya Cobb. Ile pingili ya katikati iliyosukumwa pembeni zaidi haitumiki kuchora, maana yenyewe huwa imelala karibu sawa.

Chini ya nyuzi 10 hatuiti ugonjwa wa kupinda kwa uti. Kuanzia 10 hadi karibu 25, kwa kawaida mtoto anafuatiliwa. Kati ya 25 na 40 na kitu, kama bado anakua, daktari hufikiria bresi. Ikipita 45 au 50 ndipo mazungumzo ya upasuaji huanza. Tazama mipaka hiyo ilivyokaribiana, kisha kumbuka kwamba hata wapimaji wazoefu, wakipima picha ileile, hutofautiana kwa nyuzi 3 hadi 5. Kwa hiyo kosa dogo la kalamu linaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine.

Kabla ya kugusa kompyuta: dalili za kuacha kupima

Kama mwenye picha ana miguu inayoishiwa nguvu, anajikwaa kwa namna ambayo hakuwa nayo, ameshindwa kuzuia mkojo au choo, ana ganzi sehemu za siri, au maumivu ya mgongo yanamwamsha usiku, weka kipanya chini. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, pembe itapimwa baadaye. Vivyo hivyo kwa homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na mgongo uliochomoza ghafla: hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Dalili: picha mpya inaonyesha mpindo umeongezeka ghafla

Hili ndilo linaloletwa mara nyingi, na ndilo lenye madhara makubwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni ile ya binti wa bahasha mbili: pingili za mwisho hazikuwa zilezile. Ukaguzi ni rahisi na hauna gharama. Fungua picha ya zamani na mpya kwa pamoja. Hesabu pingili kutoka chini kwenda juu ukianzia ya tano ya kiuno, kisha hesabu tena kutoka juu kwenda chini ukifuata mbavu. Hesabu zote mbili zikikubaliana, pima picha ya zamani upya kwa pingili ulizochagua kwenye mpya. Usilinganishe namba yako na namba iliyoandikwa na mtu mwingine miezi sita iliyopita kama unayo picha yenyewe. Ipime wewe, kikao kimoja, jicho moja. Hapo kosa linapungua sana.

Ya pili ni jinsi mtoto alivyokaa. Picha ya kulala haiwezi kulinganishwa na picha ya kusimama. Akilala, uzito wa kichwa na mabega unaondoka na mpindo unafunguka, kwa mipindo mikubwa tofauti inaweza kupita nyuzi 10. Ukilinganisha ya kulala ya mwaka jana na ya kusimama ya leo utaona "ongezeko" ambalo halipo. Angalia dalili kwenye picha yenyewe: kipovu cha hewa cha tumbo. Aliyesimama huwa na mstari bapa wa hewa juu ya maji, aliyelala hana. Angalia pia kama kuna vivuli vya bresi. Picha iliyopigwa na bresi mwilini inaonyesha mgongo ulioshikiliwa.

Kisha tazama nyonga. Ukingo mmoja wa nyonga ukiwa juu kuliko mwingine, uti wa kiuno hupinda ili kichwa kibaki katikati. Nimewahi kusimamisha mtoto mbele ya bamba la kupokelea mionzi, kila kitu sawa, nikaona tu kwenye skrini nyonga imeinuka upande mmoja. Nilipochungulia chini alikuwa amevua ndala moja, nyingine bado anayo, maana sakafu ilikuwa ya baridi. Miguu peku yote miwili, magoti yamenyooka, uzito sawa pande zote. Kama mguu mmoja ni mfupi kweli, daktari anaweza kuagiza picha yenye kibao chini ya mguu mfupi, na urefu wa kibao uandikwe kwenye faili.

Saa nayo ina maana. Mpindo mkubwa unaweza kuongezeka nyuzi kadhaa kati ya asubuhi na jioni kwa sababu ya uchovu wa misuli na diski kubonyea. Mtoto wa kliniki anayepigwa picha saa tatu asubuhi, apigwe tena saa za asubuhi.

Sababu ya tatu ni mkono wa mpimaji. Pima, funga faili, kunywa chai, fungua tena, pima bila kutazama namba ya kwanza. Mpe mwenzako naye apime. Kama ninyi wawili mnapishana nyuzi 4 kwenye picha moja, tofauti ya nyuzi 4 kati ya picha mbili haikuambii kitu.

Ikiwa baada ya hayo yote, pingili zilezile, kusimama kulekule, mpimaji mmoja, tofauti bado ni nyuzi 5 au zaidi, sasa lichukulie kwa uzito. Hasa kama mtoto yuko kwenye miaka ya kurefuka haraka, msichana kabla au karibu na hedhi ya kwanza, mvulana sauti ikianza kuvunjika. Hapo usisubiri kliniki ijayo ya miezi sita. Andika rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa anayeshughulika na migongo. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni mahali ambapo upasuaji wa aina hii unafanyika.

Na jambo moja ambalo nalisema kila mara: usimrudishe mtoto kwenye mionzi ili tu kuiridhisha programu. Picha ikiwa inasomeka, ipime upya. Rudia picha pale tu ambapo daktari anaona kwamba jibu litabadilisha matibabu. Na ipigwe mionzi ikiingilia mgongoni na kutokea kifuani, kwa sababu njia hiyo hupunguza kiasi cha mionzi kinachofika kwenye matiti ya msichana anayekua.

Dalili: programu inatoa nyuzi 142, au 0, au namba isiyoingia akilini

Tulia. Mara nyingi ni hesabu tu. Mistari miwili ikikutana hutengeneza pembe mbili, na programu imechukua ile kubwa. Toa kwenye 180: 180 kutoa 142 ni 38. Jicho lako linaona mpindo wa wastani, namba inasema 142, basi ni hilo.

La pili kwa kutokea ni kutumia kifaa kisicho chenyewe. Programu nyingi za kufungulia picha, kama RadiAnt na Weasis, zina kifaa cha pembe ya kawaida na kifaa cha Cobb, vimekaa jirani. Cha kawaida kinataka nukta tatu zinazokutana kwenye kona. Cha Cobb kinataka mistari miwili isiyogusana. Ukiweka nukta tatu kwenye mgongo utapata pembe kati ya pingili na hewa. Kwenye ImageJ, ambayo ni ya bure na wengi tunaitumia, chora mstari mmoja usome mwelekeo wake, chora wa pili usome, kisha tafuta tofauti. Angalia alama za kujumlisha na kutoa: mstari mmoja ukiwa +17 na mwingine −21, pembe ni 38, si 4. Nimeona 4 ikiandikwa kwenye ripoti.

Ukipata sifuri, au namba ileile kwa kila mgonjwa, programu haijasoma mstari wa pili. Futa yote, anza upya.

Dalili: namba inacheza kila ukipima, hata picha ni ileile

Kuza picha. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ndilo linalotatua mengi. Chukua picha ya mgongo mzima wenye urefu wa sentimita 90 iliyohifadhiwa kwa pikseli 1,024 tu kwenda chini. Kila pikseli inabeba karibu milimita 0.9, na uso wa pingili wenye upana wa milimita 35 unapewa pikseli 40 tu. Ukikosea pikseli 2 kwenye ncha moja ya mstari, mstari umegeuka karibu nyuzi 3. Ukikosea hivyo kwenye mistari yote miwili kwa upande mbaya, ni nyuzi 6, na hujafanya uzembe wowote.

Kwa hiyo omba faili halisi la DICOM, yaani lile linalotoka kwenye mashine ya eksirei yenyewe, si nakala iliyofinywa. Kuza hadi pingili moja ijaze skrini. Chora mstari kutoka kona hadi kona ya pingili, usikomee katikati. Kwa pingili zilizo mbali na katikati ya picha, mionzi hupita kwa mshazari na uso wa pingili huonekana kama duara lililobanwa, lenye ukingo wa mbele na wa nyuma. Chagua njia moja, kwa mfano kupita kwenye kona mbili za pembeni, na uifuate kila siku.

Uso ukiwa hauonekani kabisa, tumia yale mawili yanayofanana na macho ya bundi ndani ya kila pingili, yaani pedikeli. Mstari unaogusa kingo za juu za macho yote mawili, au za chini, unakubalika. Ila ukianza na macho kwenye picha ya kwanza, tumia macho kwenye ya pili pia.

Namba ikiendelea kucheza zaidi ya nyuzi 5 kwa sababu pingili zenyewe hazina umbo la kawaida, acha. Mtoto aliyezaliwa na nusu pingili au pingili zilizoungana hapimwi kwa uhakika kwenye picha bapa na mtu asiyezoea. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa, na huenda akaagiza CT au MRI.

Jambo linalohusiana na hilo: skrini ikikuonyesha 24.37, andika 24. Zile desimali zimetoka kwenye hesabu ya kompyuta, hazikutoka kwenye mgongo. Ukimwandikia mzazi 24.37 leo na 25.12 mwezi wa sita, umempa hofu bure.

Dalili: picha imekuja kwa simu, na pembe haifanani na ya hospitali

Hili limeongezeka mno. Picha imewekwa kwenye taa ya kusomea eksirei, au imeinuliwa dirishani, mtu akaipiga kwa simu akaituma WhatsApp. Ninayo moja ambayo vyuma vya dirisha vimepita katikati ya mbavu, na kidole gumba cha aliyeishika kimefunika pingili mbili za juu.

Tazama kwanza mstatili wa filamu. Je, kingo za kulia na kushoto ni sambamba? Kama filamu inaonekana nyembamba juu na pana chini, simu ilishikwa kwa kuinama, na kila mstari ulioegemea upande umeshapotoshwa. Hakuna programu itakayokurudishia uhakika hapo. Omba ipigwe tena: filamu imebandikwa wima kwenye taa, simu imesimama sambamba nayo, imerudi nyuma mita moja au zaidi kisha ikakuzwa kidogo, kona nne za filamu zote zionekane.

Kisha angalia kama picha imetanuliwa. Kukuza kwa usawa, juu na upande pamoja, hakubadilishi pembe hata kidogo. Kutanua upande mmoja kunabadilisha. Mtu ameiweka picha kwenye hati, akaivuta kwa pembeni ili ijae ukurasa. Tuseme mpindo halisi ni nyuzi 40, kila mstari umeinama 20. Ikivutwa kwa upana asilimia 20, kila mstari unashuka hadi karibu 17, na pembe unayosoma ni 34. Ikibanwa kwa upana asilimia 20, utasoma 49. Mtoto mmoja, namba tatu: 34, 40, 49. Kuitambua, linganisha urefu na upana wa filamu kwenye picha na vipimo vya filamu halisi. Filamu ya inchi 14 kwa 17 lazima uwiano wake ubaki huo.

Namba iliyotoka kwenye picha ya simu inafaa kuamua jambo moja tu: je, mtoto huyu aje kliniki haraka au kwa miadi ya kawaida. Haifai kuamua bresi, wala upasuaji, wala kusema mpindo umepona.

Dalili: akili mnemba imechora mistari mahali pasipo na pingili

Programu nyingi za kupima zenyewe hutafuta pingili 17, kumi na mbili za kifua na tano za kiuno, na kila pingili huwekewa nukta nne kwenye kona. Jumla nukta 68. Kutoka hapo hupiga hesabu ya pembe. Ni kazi nzuri, na kwa picha safi ya kijana mwenye mpindo wa kawaida hunipa namba inayokaribiana na yangu. Tatizo ni kwamba haikwambii inapobahatisha.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza, kabla hujaisoma namba, ni kuziwasha nukta na kuzipitia moja moja kutoka chini hadi juu kwa kidole kwenye skrini. Kila pingili ina nukta zake nne? Kuna pingili iliyorukwa? Kuna nukta zilizokaa kwenye diski au kwenye ubavu? Mabegani na nyuma ya moyo ndiko makosa hujificha, maana huko picha huwa nyeupe kupita kiasi.

Kama nukta zote zimetawanyika ovyo, tazama rangi. Baadhi ya mashine huhifadhi picha kwa mpangilio ambao thamani ndogo ndiyo nyeupe, na nyingine kinyume chake. Programu ikisoma kinyume, mifupa inakuwa myeusi na hewa inakuwa nyeupe, na programu inapotea. Geuza rangi, endesha tena. Kama faili limetoka kwenye simu, hata hiyo haisaidii.

Nukta zikiwa sawa lakini majina ya pingili yamekosewa, hesabu mbavu. Wapo watu wenye jozi 11 au 13 za mbavu, na wapo ambao pingili ya tano ya kiuno imeungana na mfupa wa chini. Programu iliyofundishwa 17 italazimisha 17. Pembe inaweza kuwa sahihi na majina yasiwe sahihi, na hilo ni hatari kwa anayepanga upasuaji.

Kwa mgongo wenye vyuma vya upasuaji, pingili za kuzaliwa zisizo kamili, au pingili zilizoliwa na kifua kikuu, izime kabisa upime kwa mkono. Namba iliyotolewa na akili mnemba pekee, ambayo hakuna mtu aliyeitazama na kuikubali, isiingie kwenye faili la mgonjwa.

Dalili: mwaka jana mpindo ulikuwa kulia, mwaka huu uko kushoto

Mgongo haukuhama. Picha imegeuzwa. Madaktari wa upasuaji wa mgongo huitazama kana kwamba wamesimama nyuma ya mgonjwa, wa radiolojia kana kwamba wako mbele yake. Mtu akibofya kitufe cha kugeuza na kuhifadhi, upande unabadilika, na pembe inabaki ileile, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Tafuta alama ya madini ya risasi, R (kulia) au L (kushoto), iliyowekwa wakati wa kupiga, si herufi iliyoandikwa baadaye kwa kompyuta. Kisha tafuta ncha ya moyo na kipovu cha tumbo, vyote kwa kawaida viko kushoto kwa mgonjwa. Alama na moyo vikipingana, usikisie. Mwite mgonjwa ainame mbele na utazame nundu ya mbavu iko upande gani.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mpindo wa kifua wa vijana, ule usiojulikana chanzo, kwa kawaida huelekea kulia. Ukielekea kushoto kweli, daktari huwa na sababu ya kutafuta tatizo ndani ya uti, na mara nyingi huagiza MRI. Picha iliyogeuzwa inaweza kumpeleka mtoto kwenye MRI asiyoihitaji, au kumnyima anayeihitaji.

Dalili: picha ya ubavuni, pembe ya kibiongo haipimiki

Mabega yamefunika pingili za juu. Hiyo ndiyo sababu karibu kila mara, na dawa yake ni mikono: ncha za vidole ziwekwe juu ya mitulinga, viwiko mbele. Mikono ikinyooshwa mbele kabisa mgongo unarudi nyuma na pembe inabadilika. Kama pingili ya pili au ya tatu haionekani, pima kuanzia ya tano hadi ya kumi na mbili na uandike hivyo.

Kwa kibiongo cha kifua kikuu, njia ni kuchukua pingili nzima yenye afya iliyo juu ya zilizoharibika, na nzima iliyo chini yake. Mstari kwenye uso wa juu wa ile ya juu, mstari kwenye uso wa chini wa ile ya chini. Usijaribu kuchora kwenye mabaki. Kwa mtoto, pembe hii ifuatiliwe hata baada ya kumaliza dozi, kwa sababu inaweza kuendelea kuongezeka kadiri anavyokua ingawa ugonjwa umetibiwa. Wazazi wengi huacha kuja kliniki dawa zikiisha. Tafadhali wapigieni simu.

Dalili: picha ndefu ina ngazi katikati

Mgongo mzima ukipigwa kwa vipande viwili au vitatu, kompyuta huviunganisha. Mtoto akipumua au kusogea katikati, kiungo hakikai. Tazama kingo za nje za mwili na mbavu kwenye mstari wa kiungo: zikikatika na kuanza tena pembeni, kuna ngazi. Kama kipande kimoja kimezungushwa kidogo, pembe inayovuka kiungo si ya kuaminika. Fungua vipande vya asili. Mpindo ukiwa wote ndani ya kipande kimoja, upime humo. Ukivuka kiungo, mwambie daktari, aamue kama picha irudiwe. Ikitokea kwa wagonjwa kadhaa mfululizo, si watoto wanaotikisika. Simamisha picha ndefu na umwite fundi wa mashine.

Milimita nazo huharibika hapa. Ikiwa unapima mgongo umesogea kiasi gani kutoka katikati, programu inahitaji ukubwa wa pikseli, na kipimo kilichoandikwa kwenye faili mara nyingi ni cha kwenye bamba, ambapo kivuli huwa kikubwa kuliko mwili wenyewe. Pembe haiguswi na hilo, urefu unaguswa.

Dalili: simu iliyowekwa mgongoni ilisema 8, eksirei inasema 27

Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi. Simu inayowekwa mgongoni mtoto akiinama inapima jinsi kifua kilivyojizungusha, haipimi pembe ya Cobb. Mzunguko wa nyuzi 7 au zaidi kwa kawaida unatosha kumpeleka kwa daktari. Usijaribu kugeuza namba moja kuwa nyingine.

Cha kuandika kwenye faili

Yule binti wa bahasha mbili, mstari wake kwenye faili sasa unasomeka hivi: "Mpindo wa kifua, kulia, pingili ya 6 hadi ya 12, nyuzi 38. Amesimama, peku, bila bresi, saa 3:40 asubuhi. Mionzi kutoka nyuma. Faili halisi, kwa mkono. Picha ya zamani imepimwa upya kwa pingili hizohizo: 35." Akirudi mwezi wa tano, atakayekuwa zamu hatahitaji kunitafuta.